Ncha Nyeusi ya Mkia

Msomaji mwenzangu, nianze kwa kukiri kosa. Nimeandika kurasa 96 za riwaya juu ya mnyama ambaye sijapata kumwona kwa macho yangu. Nikamfanya mwizi, tapeli, mwanamke asiye na haya. Kisha nikazisoma kurasa zile mbele za watu, watu wakacheka, nami nikarudi nyumbani kichwa chini kama mtu aliyefumaniwa. Haya ninayoyasimulia ni habari ya kicheko hicho.

Mimi ni kijana wa miaka 26, mkazi wa Dar es Salaam. Kidato cha nne nilimaliza kwa divisheni foo, ile ambayo wageni wakiuliza, mama anawakaribisha chai haraka. Tangu hapo nafanya kazi kwenye kibanda cha fotokopi. Mchana natoa nakala za vyeti vya watu waliofaulu, usiku naandika kwenye kaunta buku. Sijachapa kitabu. Lakini ukiniuliza mimi ni nani, nitakujibu ni mwandishi, na usicheke.

Riwaya yangu ni ya wanyama wanaoishi katika nyumba moja ya kupanga, vyumba tisa, choo kimoja, bomba moja uani. Mwenye nyumba ni Bibi Kobe. Chumba cha mbele anakaa Nyegere, kondakta wa daladala, mtu wa ugomvi. Kuna Kunguru mwenye genge, na kuna Paka anayejidai mlokole. Fisi na Sungura niliwanyima chumba kabisa. Hao wamechoka. Tumekuwa nao tangu chekechea, na ukimtaja Sungura tu msomaji anajua nani atadanganywa. Tena nilikuwa nimeshasoma Shamba la Wanyama, kile kitabu cha George Orwell alichokitafsiri Fortunatus Kawegere mwaka 1967, nikajua kuwa mnyama anaweza kubeba jambo zito bila kupinda mgongo. Nilichokosa ni adui. Nilitaka mnyama ambaye hapa kwetu hajazoeleka, ili msomaji asijue mapema atafanya nini.

Nikamkuta kando ya barabara, Posta, kwa wauza vitabu vya mitumba. Kitabu chenyewe kilikuwa The Wind in the Willows cha Kenneth Grahame, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1908. Humo mna Chura tajiri mwenye jumba kubwa la urithi. Anaiba gari, anafungwa jela, na huku nyuma wanyama wa msituni wanalivamia jumba lake. Wanakaa humo bure, wanakula vyake, wanalala mpaka jua kali. Miongoni mwao wamo wanyama wadogo wembamba ambao ndio wanaoshika zamu ya ulinzi na bunduki mkononi. Kwa Kiswahili sijakuta jina lao lililotulia, kwa hiyo mimi nawaita stoti.

Watu wanaokaa kwenye nyumba isiyo yao, bila kulipa. Jambo hilo lilinigusa mahali fulani, ila wakati ule sikujiuliza ni wapi. Nilifurahi tu kwamba nimepata adui.

Basi nikamuumba Bi Stoti. Alihamia chumba cha tano kwa Bibi Kobe akiwa na sanduku moja na maneno matamu. Akala kwa mkopo kwa Kunguru. Akaimba uani usiku wa manane. Kodi ya miezi mitano hakulipa, na usiku mmoja wa mvua akatoweka, akamwacha Bibi Kobe amesimama mlangoni na taa. Sura ile niliiandika kwa usiku mmoja bila kufuta neno. Niliona kipaji kimeshuka. Sasa najua kwamba sura inayotoka bila kufutwa mara nyingine si kipaji, ni kidonda.

Mshikaji wangu mmoja ni mchoraji, anaandika mabango ya saluni na vibao vya magari. Nikamwomba anichoree Bi Stoti kwa ajili ya jalada. Akaniuliza, "Yukoje?" Nikamwambia mwili mrefu, kiuno chembamba, mdomo mwekundu wa lipstiki, gauni jekundu, viatu vya mchuchumio. "Na mkia?" Nikamwambia mkia ufichwe ndani ya gauni, mkia utamharibia umaridadi. Akachora. Kwa kweli ilikuwa kazi bomba. Nikaibandika ukutani juu ya kitanda.

Jumamosi moja nikaenda kwenye kikundi chetu cha waandishi chipukizi. Tunakutana chini ya mwembe, kila mtu na daftari lake, na anayesoma vibaya hununua soda. Nikasoma sura ya Bi Stoti na kuwapitishia picha. Wakacheka nilipotaka wacheke. Nilipofika pale anapotoka usiku na viatu mkononi, jamaa mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Ah, huyo si stoti, huyo ni kicheche tu!"

Mwembe mzima ukacheka. Si unajua neno hilo mjini lina maana gani likitajwa kwa mwanamke. Mimi nikatabasamu, lakini mikono ilipata baridi.

Kicheko kilipotulia, dada mmoja aliyetutangulia katika kazi hii, ambaye huwa hasemi sana, akaniuliza, "Mdogo wangu, huyu mnyama umewahi kumwona?"

"Hapana, dada."

"Umesoma habari zake?"

"Kwenye hadithi tu."

"Basi umemsema vibaya mtu usiyemjua," akasema, na kumpa zamu msomaji mwingine.

Ndugu msomaji, neno kicheche nililisikia mara ya kwanza nikiwa na miaka tisa, kupitia ukuta wa chumba. Mama alikuwa mhudumu wa baa. Baba hakuwepo, na habari zake si za leo. Tulikuwa watoto watatu: mimi, mdogo wangu wa kike, na kitinda mimba ambaye alikuwa bado ananyonya. Kila saa kumi na moja jioni mama alikaa mbele ya kioo kilichopasuka, akapaka mdomo rangi nyekundu, akavaa viatu vya mchuchumio, akatuachia uji na kutufungia mlango. Alirudi saa nane au tisa za usiku na mfuko wa rambo wenye chipsi zilizopoa. Asubuhi wapangaji wenzake walizungumza bombani. Walisema wanayoyasema, na hawakushusha sauti, kwa sababu mtoto wa miaka tisa kwao alikuwa kama ndoo.

Tulihama nyumba tano katika miaka saba: Manzese, Tandale, Mburahati, Kigogo, Mabibo. Mara mbili kati ya hizo tulihama usiku. Ile ya Tandale ndiyo ninayoikumbuka zaidi, kwa sababu ya bibi mwenye nyumba. Alikuwa mjane, mtu mzima, mgonjwa wa miguu, na kila asubuhi alinipa andazi moja kabla sijakwenda shule. Hakuwahi kumtukana mama. Na huyo ndiye tuliyemkimbia na deni la kodi ya miezi mitano. Miaka kadhaa baadaye nilimwona sokoni, anatembea na fimbo. Nikajificha nyuma ya magunia ya mkaa mpaka akapita.

Sasa unaona Bi Stoti alikotoka. Mimi sikuona. Nakwambia kweli tupu, mpaka siku ile chini ya mwembe nilidhani nimemtoa kwenye kitabu cha Mwingereza.

Wiki iliyofuata nikaenda Maktaba Kuu ya Taifa, ile ya Mtaa wa Bibi Titi Mohamed. Nilikwenda Jumamosi nne mfululizo, na mengine nikayatafuta kwenye simu. Nilitaka kumjibu yule dada. Nilitaka niweze kusema, haya, nimesoma, na kweli ni mwizi.

La kwanza nililolisoma likanikata maini. Stoti ni wa ukoo mmoja na kicheche! Si kicheche wa matusi, kicheche mwenyewe, yule mnyama mweusi mwenye michirizi myeupe mgongoni anayetoa harufu kali akitishwa. Katika ukoo huo huo wamo nyegere na fisi maji. Kumbe jamaa wa nyuma alisema kweli bila kujua, na kumbe Nyegere wangu wa chumba cha mbele alikuwa akiishi na binamu yake bila kumtambua.

La pili ni umbo. Mimi nilimwandika mkubwa, jike la kujaza mlango. Stoti halisi urefu wake, ukiacha mkia, hauzidi sana rula ya shule. Dume zito ni gramu 300 na kitu, na jike mara nyingi halifiki robo kilo. Huyo ndiye anayemwinda sungura mara tano, sita au zaidi ya uzito wake, kwa kumng'ata nyuma ya shingo. Si kwa ujeuri. Mwili ule mwembamba hautunzi joto, na moyo unakwenda mbio kama cherehani. Kila siku inabidi ale kiasi cha robo ya uzito wake mwenyewe. Anaishi kwenye nchi za baridi, Ulaya, kaskazini mwa Asia na Amerika Kaskazini, na theluji ikianguka halali usingizi wa msimu kama wanyama wengine wa huko. Anatoka na kuwinda. Siku asipopata, hana mafuta ya akiba ya kumvusha.

La tatu ni uzazi, na hapa nilisoma mara mbili nikidhani Kiingereza changu kimenidanganya. Jike hupandwa wakati wa kiangazi cha kwao, lakini mimba haikui. Inasimama. Inakaa tumboni miezi tisa au kumi kama mbegu iliyowekwa kabatini, kisha majira ya kuchipua yakikaribia inaanza kukua, na baada ya kama wiki nne anazaa. Watoto sita, saba, pengine zaidi ya kumi, vipofu wote, wasiofumbua macho mpaka wiki ya tano au ya sita. Dume lilishaondoka zamani na halina sehemu katika malezi. Jike huwinda peke yake. Hachimbi shimo lake mwenyewe, hukaa kwenye mashimo ya wengine, ya panya na ya sungura. Na akihisi pango si salama, huwahamisha watoto kwa kuwang'ata ngozi ya shingo, mmoja mmoja, anakwenda na kurudi, mpaka wamekwisha.

Nikafunga kitabu pale pale. Mhudumu akatangaza kwamba wakati wa kufunga umefika, nikashukuru.

Usinielewe vibaya. Sikutoka maktaba nikiwa na malaika mkononi. Stoti akiingia kwenye banda la kuku anaua kuliko anavyoweza kula. Miaka ya 1880 walowezi walimpeleka New Zealand apunguze sungura ambao wao wenyewe walikuwa wamewaleta, na watu wanaojua ndege walionya mapema. Visiwa vile vilikuwa na ndege wasioruka, waliozoea kuishi bila mnyama kama huyo. Stoti akawageukia hao, na mpaka leo anaua makinda ya kiwi kwa wingi mno, hata nchi ile mwaka 2016 ilitangaza mpango wa kumtokomeza yeye na wenzake wanaokula ndege ifikapo 2050. Kwa mama kiwi, stoti ni shetani. Huo nao ni ukweli, na mwandishi anayeuficha anadanganya.

Lakini nikagundua jambo. Watu wamekuwa wakimvisha mnyama huyu tabia kwa karne nyingi, na kila mmoja amemvisha anayoitaka. Kwenye baridi kali manyoya yake hugeuka meupe kabisa, na wafalme wa Ulaya waliyapenda. Zile alama nyeusi unazoziona kwenye majoho meupe ya wafalme katika picha za zamani ni ncha za mikia, kila alama mnyama mmoja. Katika vazi hilo hilo jeupe walimpa jina lingine, ermini, wakasema ni alama ya usafi, eti anaona bora afe kuliko kuchafua koti lake. Mnyama anayeingia mashimo ya panya! Leonardo da Vinci alimchora kati ya mwaka 1489 na 1491 hivi, kwenye picha iliyopo leo Kraków nchini Poland, amepakatwa na binti aitwaye Cecilia Gallerani. Binti huyo alikuwa na umri wa kama miaka 16, naye alikuwa hawara wa mtawala wa Milan. Alama ya usafi mikononi mwa mtu ambaye uswahilini kwetu tungempa jina lile lile la bombani. Na hata Leonardo alimkuza, mnyama wa kwenye picha ni mkubwa kuliko halisi. Kwa hiyo sikuwa wa kwanza kukosea vipimo.

Upande wa pili yupo Brian Jacques wa Liverpool, ambaye aliwahi kuwa dereva wa lori la maziwa. Aliwaandikia hadithi watoto wasioona wa shule aliyokuwa akiipelekea maziwa. Mwalimu wake wa zamani, Alan Durband, akaupeleka mswada kwa mchapishaji bila hata kumwambia, na Redwall kikatoka mwaka 1986. Nampenda mtu huyo kwa safari yake, inanipa moyo mimi wa fotokopi. Ila katika kitabu chake panya wa msituni hawana haja ya kujieleza, na stoti akitokea msomaji ameshajua ni mhalifu, kabla hajafumbua mdomo. Nikajiuliza, je, mimi nimefanya nini tofauti? Niliwakimbia Fisi na Sungura kwa sababu hiyo hiyo.

Jumapili moja alasiri nikachukua kaunta buku nikaenda kwa mama. Sasa ana genge lake mbele ya nyumba, nyanya, vitunguu, dagaa. Baa aliiacha miaka mingi. Nilimkuta anachagua mchele kwenye ungo. Nikamwambia, "Mama, nataka nikusomee kitu nilichoandika." Hajasoma sana, lakini hadithi anazijua kuzisikiliza.

"Soma, baba," akasema.

Nikasoma sura ile ile ya zamani. Sikubadilisha neno. Sijui kwa nini sikubadilisha, pengine nilitaka anipige kofi yaishe. Nilisoma habari za mdomo mwekundu, sauti yangu ikapungua. Nikasoma za viatu. Nikasoma usiku wa mvua, deni, na Bibi Kobe mlangoni na taa. Mkono wa mama ulisimama juu ya ungo. Nilipomaliza kuku mmoja alikuwa ameshadonoa mchele wa pembeni, na hakuna aliyemfukuza.

"Huyu mtu wako," akasema mwisho, "mbona hana watoto?"

Sikuwa na jibu.

"Mtu hahami usiku akiwa peke yake. Peke yako unaondoka tu asubuhi, unafunga mlango, basi. Nani atakushika?" Akarusha mchele, akapuliza pumba. "Nilianza na mdogo wako mgongoni na huyu mwingine kifuani. Nikawaacha kwa mama mmoja muuza vitumbua kule ng'ambo ya mto. Nikarudi kukuchukua wewe. Ulibeba jiko. Mafuta ya taa yakakumwagikia shati la shule. Nililifua mara tatu harufu haikutoka."

Nilikuwa nimelisahau shati. Ndugu zangu, miaka yote nimelikumbuka deni, nimemkumbuka bibi, nimeyakumbuka matusi, na katika kurasa 96 sikuandika hata mtoto mmoja. Nilikuwa nimejitoa mwenyewe kwenye hadithi. Ukimtoa yule mtoto mwenye jiko, anayebaki ni mwanamke mwenye mdomo mwekundu anayekimbia deni. Ni mimi niliyemfanya kicheche. Watu wa bombani walisema tu.

Nikamuuliza kama lile deni aliwahi kulilipa. Nilitamani aseme ndiyo. Nilikuwa nimeshaanza kuiandika kichwani, anarudi na bahasha, bibi analia.

"Sikulipa," akasema. "Nilipopata hela nilikwenda. Nyumba ilikuwa imeuzwa. Wakaniambia bibi amechukuliwa na wanawe, wengine wakasema Kilosa, wengine Turiani. Sikumwona tena." Akanyamaza. "Yule mama alikuwa mtu mwema kwangu. Hilo nalo uliandike."

Sikumwambia kwamba mimi nilimwona, sokoni, na nikajificha. Namwambia leo hapa, kwa sababu najua nitamsomea na ukurasa huu.

Sasa nirudi kwenye mkia, maana niliuahidi kwenye kichwa cha habari. Stoti akigeuka mweupe wakati wa baridi, mwili mzima unapotea kwenye theluji, isipokuwa ncha ya mkia. Hiyo hubaki nyeusi, mwaka mzima. Ni jambo la kushangaza, mnyama anayejificha kuvaa doa. Mwaka 1982 mtaalamu mmoja wa Marekani, Roger Powell, alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa mwewe waliofugwa na sanamu za mfano wa wanyama hawa. Sanamu ndefu yenye doa kwenye ncha ya mkia iliwapa mwewe taabu: walivutwa na lile doa, wakapiga mkia mwembamba, wakakosa. Ndugu yake mdogo, yule mwenye mkia mfupi, hana doa hilo, kwa kuwa kwake mkia uko karibu mno na mwili na doa lingemponza.

Nilipolisoma hilo nilimkumbuka mama mbele ya kioo kilichopasuka. Watu walitazama mdomo. Walipiga pale, kila asubuhi, kwa miaka saba. Hakuna aliyeuliza kama tumekula, hakuna aliyegundua kwamba kuna siku tulikunywa uji wa chumvi siku mbili, na hakuna aliyetuhurumia, jambo ambalo mama alilichukia kuliko matusi. Watoto watatu wenye sare safi tulipita katikati yao tukaenda shule. Sisemi alipanga hivyo. Nilipomweleza habari ya mwewe alicheka sana, akasema, "Mimi nilipaka kwa sababu meneja alitaka tupake. Na vile viatu viliniumiza, hilo hujaandika." Kweli, sikuwa nimeandika.

Basi nimeanza upya. Bi Stoti sasa ni mdogo, anapita chini ya mlango. Ana watoto sita wasiofumbua macho. Anamkopa Kunguru, na Kunguru anapata hasara ya kweli. Anamkimbia Bibi Kobe, na Bibi Kobe hajalipwa mpaka ukurasa wa mwisho, sitamlipia kwa kalamu. Mtoto mkubwa amebeba jiko. Nimefika ukurasa wa 41 na nafuta kila siku.

Mshikaji wangu amechora picha nyingine. Safari hii mkia uko nje, mrefu, na ncha yake imepakwa wino. Nilimpelekea mama aitazame. Akaishika kwa mbali kama watu wazima wanavyoshika picha, akasema, "Huu mkia mbona mwisho umechafuka?" Nikamwambia haujachafuka, mama, ndivyo ulivyo. Akaitazama tena, akaichomeka kwenye ukuta wa genge, juu ya nyanya.

Kijana mwenzangu unayeandika, kabla hujamvika mnyama nguo, nenda ukasome anakula nini kwa siku na watoto wake anawaficha wapi. Halafu msomee yule uliyemtoa. Utaogopa. Mimi niliogopa, na kuku akala mchele.